Majina ya mofu za chatu mpira: kusoma lebo, kuhakiki jeni, kuandika lebo isiyodanganya

MagambaEntebbe

Salaam wakuu. Lebo za chatu mpira (ball python) siku hizi zimekuwa ndefu kuliko nyoka mwenyewe, na wanunuzi wengi wanalipia maneno wasiyoyaelewa. Nafungua uzi huu tuzichambue.

La kwanza: jina la mofu, yaani aina ya rangi au mchoro unaorithiwa, ni jina la biashara. Anayethibitisha kwamba rangi fulani inarithiwa ndiye huipa jina, na hakuna baraza la kumsahihisha. Ndiyo maana jeni moja inaweza kuwa na majina mawili: Banana na Coral Glow ni kitu kimoja, Hypo na Ghost vilevile. Kuna na kinyume chake, jina moja kufunika jeni tofauti, nalo ndilo linalotia watu hasara. Lebo inavunjwa vipande, kisha kila kipande unakiuliza: wewe unarithiwa vipi?

Majibu ni matatu. Kuna jeni fichu: nyoka lazima apate nakala mbili, ya baba na ya mama, ndipo rangi ionekane. Hapo wako Albino, Piebald, Clown, Axanthic, Ghost, Lavender Albino na Ultramel. Mwenye nakala moja anaonekana wa kawaida lakini anabeba. Huyo ndiye tunamwita heti. Kuna jeni za utawala nusu: nakala moja inabadilisha rangi, nakala mbili zinaibadilisha zaidi, na mwenye mbili anaitwa Supa. Pastel, Mojave, Lesser, Fire, Enchi, Cinnamon na Yellow Belly wamo humu. Halafu kuna jeni tawala kamili, ambapo nakala mbili hazionekani tofauti na moja. Pinstripe ndiye mfano unaotajwa zaidi.

Lebo za zamani huliita kundi la pili "kodominanti". Si sahihi, maana kodominanti ni aleli mbili (matoleo mawili ya jeni moja) kuonekana zote kwa ukamilifu, kama kundi la damu AB. Ukiona neno hilo kwenye lebo ya nyoka, soma "utawala nusu" uendelee.

Sasa majina ya mchanganyiko. Pastel na Spider ni Bumblebee. Supa Pastel na Spider ni Killer Bee. Pastel na Cinnamon ni Pewter, Pastel na Mojave ni Pastave, Pastel na Pinstripe ni Lemon Blast, Fire na Pastel ni Firefly. Albino na Axanthic ni Snow. Lavender Albino na Piebald ni Dreamsicle. Majina matamu, lakini hayapigi hesabu. Bumblebee kwa jike wa kawaida hutoa aina nne, robo kila moja: Bumblebee, Pastel, Spider, kawaida. Killer Bee kwa jike yuleyule hatoi wa kawaida hata mmoja: nusu Bumblebee, nusu Pastel, kwa kuwa kila mtoto lazima apate Pastel moja. Kwenye picha hao wawili hufanana sana. Ukijaza daftari, andika jeni. Jina la mapambo liwe pembeni.

Na jina halihami na jeni yake kutoka aina moja ya nyoka kwenda nyingine. Hypo wa chatu mpira ni jeni fichu. Hypo wa boa anaonekana kwa nakala moja tu. Mwenye boa akija na hesabu za chatu mpira atakosea tangu mstari wa kwanza.

Kipepeo_Nakawa

Shukrani mkuu. Swali: dume Axanthic, jike ameuzwa kama heti Axanthic 100%. Mayai 7, wote wameanguliwa rangi ya kawaida. Jike ni feki?

DadaJeni

Si lazima, ndugu. Uliza ukoo kwanza. Axanthic wa chatu mpira wana koo kadhaa zilizothibitishwa kila moja peke yake: VPI, TSK, Jolliff, MJ. Hizo si rangi za duka. Ni jeni zinazokaa mahali tofauti. Ukimpandisha Axanthic VPI kwa Axanthic TSK, wote wawili wa kijivu kabisa, watoto wote wanatoka wa kawaida, kila mmoja heti wa huku na heti wa kule. Kama dume ni VPI na jike ni heti TSK, wewe umepata matokeo sahihi kabisa.

Kama ni ukoo mmoja, piga hesabu. Kila yai lilikuwa na nusu ya kutoka Axanthic. Saba mfululizo kukosa ni 1 kati ya 128. Hapo mrudie muuzaji.

Albino wana mtego uleule. Albino wa kawaida ana hitilafu kwenye jeni ya TYR, Lavender Albino kwenye OCA2, Ultramel kwenye TYRP1. Utafiti wa 2022 uliochapishwa kwenye jarida la PLOS ONE, uliofanywa kwa magamba yaliyotumwa na wafugaji, ulionyesha hivyo. Albino kwa Lavender: watoto wote weusi wa kawaida. Lakini Albino kwa Candy au Toffee ni habari nyingine, kwa sababu hizo ni aleli za mahali pamoja na Albino. Watoto wote wanatoka na rangi, nao huitwa Candino au Toffino. Kwenye boa pia yapo: Albino wa ukoo wa Kahl na wa ukoo wa Sharp hawaungani.

Kwa hiyo lebo ya Axanthic isiyo na ukoo mimi naihesabu kuwa tupu.

MzeeWaJinja

Niongeze kuhusu asilimia, maana watu wanazisoma kama alama za mtihani.

"Heti 100%" maana yake kuna hakika: mzazi mmoja anaionyesha rangi, basi kila mtoto amepokea nakala. "Heti 66%" inatoka kwa heti na heti. Kati ya watoto wanne, kwa wastani mmoja anaonyesha rangi, wawili wanabeba, mmoja hana kitu. Ukimtoa yule anayeonyesha, wamebaki watatu wanaofanana, wawili wakiwa wabebaji. Theluthi mbili, ndiyo 66. "Heti 50%" ni mtoto wa heti na wa kawaida. Hakuna nyoka mwenye theluthi mbili za jeni. Anayo au hana. Asilimia ni ya ujuzi wetu.

Kumhakiki jike wa 66% kuna njia mbili, na tofauti yake kubwa. Ukimpandisha na dume anayeonyesha rangi hiyo, kila yai ni nusu kwa nusu. Mayai 6 yote yakitoka kawaida, uwezekano kwamba bado ni mbebaji umeshuka kutoka 66% hadi karibu 3%. Ukimpandisha na dume heti tu, kila yai ni robo, na baada ya mayai 6 ya kawaida bado amebaki na takriban 26%. Umekula msimu mzima na hujajua. Kama nia ni kuhakiki, tumia dume anayeonyesha. Mtoto mmoja tu mwenye rangi anamaliza mjadala, hata kama wengine wote ni wa kawaida.

Tahadhari moja: jike wa chatu mpira huweza kuhifadhi mbegu za dume wa msimu uliopita. Ukibadilisha dume, uzao unaofuata unaweza kuwa na baba wawili. Mtoto wa ajabu akitokea, fungua daftari la mwaka jana kabla ya kutangaza jeni mpya.

Halafu zile "heti 33%" na "25%" zinazotokana na heti wa kubahatisha aliyepandishwa na wa kawaida: muuze kwa bei ya kawaida, usimpambe.

Kipepeo_Nakawa

Mzee, na alama za tumboni? Wanasema heti Piebald ana mistari miwili myeusi kama reli.

MzeeWaJinja

Wapo heti wengi wenye reli, na wapo wasio heti wenye reli. Inasaidia kuchagua nani umhakiki kwanza. Kwenye lebo haina nafasi.

Koboko_Kwetu

Nimeona tangazo: "Mojave Lesser Phantom, adimu sana". Bei inatisha. Inawezekana?

DadaJeni

Haiwezekani, ssebo. Mojave, Lesser, Butter, Phantom, Mystic, Russo, Bamboo na Mocha ni aleli za mahali pamoja. Nyoka ana viti viwili tu hapo, cha baba na cha mama. Anaweza kuwa Mojave Lesser au Mojave Phantom, watatu hawaenei. Aidha muuzaji amekisia kwa macho, au amenakili majina ya babu na bibi kwenye lebo ya mjukuu.

Kundi hili ndilo linalotoa nyoka weupe wenye macho ya buluu. Lesser kwa Lesser, Lesser kwa Mojave, Lesser kwa Russo: robo ya watoto ni weupe. Supa Mojave ni mweupe lakini kichwa kina ukijivu. Mojave na Phantom hawatoi mweupe, wanatoa wa zambarau iliyopauka, jina lake Purple Passion. Mojave na Mystic ni Mystic Potion, naye si mweupe.

Faida yake kwa hesabu: mweupe wa Lesser/Mojave hatoi mtoto wa kawaida kamwe. Nusu watakuwa Lesser, nusu Mojave, hata jike awe wa kawaida. Lakini ukinunua mweupe ambaye lebo yake inasema tu "BEL" (kifupi cha mweupe wa macho ya buluu), hujui viti viwili vimekaliwa na nani. Weupe umefunika pia kila kitu kingine. Anaweza kuwa na Pastel na Pinstripe ndani, usione hata doa. Dai majina ya wazazi.

Kundi la pili la namna hii ni la Yellow Belly: Yellow Belly, Gravel, Asphalt, Spark, Specter. Supa Yellow Belly ni Ivory. Yellow Belly na Spark ni Puma, na Specter ni Superstripe, na Gravel ni Highway, na Asphalt ni Freeway. Wakiwa na nakala mojamoja wanakaribia kufanana, kwa hiyo kumwita nyoka Gravel kwa kuangalia picha ya simu ni kubahatisha. La tatu ni la Fire, Vanilla, Disco na wenzao. Supa Fire ni mweupe mwenye macho meusi. Mweupe wa macho ya buluu na mweupe wa macho meusi hawahusiani.

Koboko_Kwetu

Na Banana? Dume Banana, jike wa kawaida, watoto 5 wa Banana na wote madume. Kuna dawa?

MagambaEntebbe

Hakuna dawa, ni kromosomu. Chatu wana X na Y, na jeni ya Banana imekaa kwenye kromosomu hizo za jinsia. Dume aliyeipata kutoka kwa baba yake anayo kwenye Y, kwa hiyo Banana wake karibu wote ni madume. Aliyeipata kutoka kwa mama anayo kwenye X, na Banana wake karibu wote ni majike. Nasema karibu kwa sababu kromosomu hubadilishana vipande mara chache, na mmoja wa upande wa pili hutokea.

Jike Banana hana upendeleo, hutoa madume na majike Banana sawa kwa sawa. Madume anaowazaa wanakuwa watoaji wa majike. Ukitaka majike Banana kwa wingi, nunua dume ambaye mama yake ni Banana. Lebo ya dume Banana isiyosema jeni imetoka kwa mzazi yupi imeacha nusu ya thamani nje. Wenzetu huandika "mtoa madume" au "mtoa majike" mwishoni, nasi tufanye hivyo.

NyokaPoa256

Mbona hakuna anayetaja Spider? Rangi nzuri, bei imeshuka, na yule mwenye kutikisika kidogo tu anakula na kuzaa vizuri. Ukichagua wazazi waliotulia tatizo linapungua.

DadaJeni

Halipungui, kaka. Kutikisa kichwa na kupoteza mizani ni sehemu ya jeni yenyewe. Utafiti wa Starck na wenzake wa 2022 ulipiga picha za ndani ya sikio la Spider na kukuta vifuko na mirija ya mizani imeumbika vibaya. Kiwango hutofautiana nyoka na nyoka, lakini mzazi mtulivu huweza kutoa mtoto anayejipinda kama kizibuo, na kinyume chake. Kuchagua hakujafanya kazi. Na kila mwenye jina lenye "bee" ndani yake ana Spider: Bumblebee, Killer Bee, Queen Bee, Honey Bee. Jina linaficha, mnunuzi anadhani amekwepa.

NyokaPoa256

Sawa, lakini Champagne na Woma nao hutikisika na watu wanawauza.

DadaJeni

Ndiyo, na lebo iseme hivyo pia. Wala usiwachanganye wao kwa wao au na Spider. Supa Champagne hafiki mbali, na Spider mwenye nakala mbili hajawahi kuthibitishwa akiwa hai.

Tukiwa hapo, mengine ya kujua kabla ya kupandisha. Supa Cinnamon na Supa Black Pastel hutoka na pua ya bata na mara nyingine mgongo uliopinda. Supa Lesser huweza kuwa na macho yaliyotokeza. Caramel Albino ana historia ya uti wa mgongo kupinda na majike wasioshika mimba vizuri. Jike Desert usimpandishe kabisa. Mayai yanaharibika na yeye anaweza kufa nayo. Dume Desert hana shida.

MzeeWaJinja

Kabla hamjalaumu jeni kwa kila mgongo uliopinda, angalieni inkubeta. Mayai yakae nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, siku 55 hadi 60. Joto likizidi 33 kwa muda mrefu mnapata migongo iliyopinda, watoto wadogo, na mara nyingine michoro iliyokatika katika au mstari mrefu mgongoni. Yule wa mstari mtu anamtangaza "mofu mpya kutoka Uganda", kumbe ni thamostati iliyokwama. Jazeni chupa za maji ndani ya boksi, angalau robo ya nafasi, ili Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku joto lishuke polepole. Sensa iwe karibu na mayai. Iliyobandikwa ukutani inadanganya.

Koboko_Kwetu

Huku West Nile chatu mpira wa porini wapo. Mtu akikuta mwenye rangi ya ajabu, anaweza kumpa jina?

MagambaEntebbe

Kwanza sheria. Chatu wote wako kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, aina hii kwenye Kiambatisho cha II, na kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2019 kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali cha UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) ni kosa. Anayemkuta porini amwache. Mwenye leseni ya ufugaji ndiye tunayezungumza naye hapa.

Jina linakuja mwisho kabisa. Mpandishe na wa kawaida asiye na ukoo naye. Watoto nusu wakiwa kama yeye, jeni inaonekana kwa nakala moja. Kisha unapandisha wawili wenye rangi hiyo ili uone kama kuna Supa: robo ikitoka tofauti zaidi, ni utawala nusu. Watoto wote wakiwa kawaida, ama ni jeni fichu, ama si jeni. Hapo chukua dume mmoja kati yao umrudishe kwa mama. Dume hukomaa mapema, takriban mwaka na gramu 700. Jike mnasubiri miaka mitatu na gramu 1,500. Nusu ya mayai ndiyo inayotarajiwa kutoka na rangi ya mama. Hata hapo bado hujamaliza: inabidi umpandishe na zile jeni fichu anazofanana nazo, uone kama si Ghost au Axanthic aliyekwisha kupewa jina miaka mingi iliyopita. Albino wa kwanza alizalishwa Marekani na Bob Clark mwaka 1992, naye alitokana na mnyama wa porini vilevile. Ilibidi athibitishwe kwanza.

Wanaoingiza kutoka nje wasome herufi kwenye karatasi ya CITES. C ni aliyezalishwa kizuizini, F aliyezaliwa kizuizini lakini hajatimiza masharti ya C, R ni wa mayai au vifaranga vya porini waliolelewa kizuizini, W ni wa porini. Shehena nyingi za Ghana, Togo na Benin ni R. Nyoka wa R hana wazazi wanaojulikana, kwa hiyo lebo yake haiwezi kuwa na neno heti. Ukiliona, limeongezwa njiani.

Kipepeo_Nakawa

Kipimo cha DNA kinaweza kutuepusha na hii misimu ya kusubiri?

DadaJeni

Kwa baadhi ya jeni, ndiyo. Albino, Lavender, Ultramel, Piebald na Clown zinapimwa Marekani kwa kipande cha gamba alilojivua. Liwe kavu kabisa, ndani ya bahasha ya karatasi. Ndani ya plastiki lenye unyevu linaota ukungu na sampuli inakufa. Osha mikono na andika namba ya nyoka kabla ya kuchukua gamba la mwingine. Shida yetu ni posta: gamba nalo ni sehemu ya mnyama wa Kiambatisho cha II, kwa hiyo waone UWA kuhusu kibali kabla hujalituma. Kwa nyoka mmoja wa bei ndogo, dume anayeonyesha rangi bado ni kipimo rahisi zaidi.

NyokaPoa256

Sawa dada, nimekusikia. Nipeni basi mfano wa lebo. Dume ni Pastel heti Clown, jike Mojave heti Clown, mayai 6.

MzeeWaJinja

Matarajio kwanza. Clown ni robo. Pastel nusu, Mojave nusu. Pastave Clown ni 1 kati ya 16. Kwa mayai 6 una takriban 32% ya kupata hata mmoja, usimwahidi mteja.

Subiri wajivue gamba la kwanza, wiki moja hadi mbili baada ya kuanguliwa, ndipo upige picha na kutambua. Kwenye mwanga wa dirisha, si taa ya njano. Pastel angalia macho yenye ukijani na njano iliyochangamka. Mojave angalia ubavuni, madoa yenye tundu moja katikati. Kwenye Clown michoro ya Mojave inavurugika, kwa hiyo usiyemjua mwandike "huenda Mojave" uendelee.

Lebo: jinsia kwa namba, 1.0 dume, 0.1 jike, 0.0.1 hajapimwa. Kisha zinazoonekana kwa nakala moja, kisha fichu zinazoonekana, kisha heti na asilimia, ukoo pale unapohitajika, mwaka, namba za wazazi, herufi ya CITES. Wa kwako wangeandikwa hivi:

0.1 Pastel Clown, 2025, D-04 × J-11, C
1.0 Pastel Mojave, heti 66% Clown, 2025, D-04 × J-11, C
0.1 kawaida, heti 66% Clown, 2025, D-04 × J-11, C

"Pastave" liandike kwenye tangazo ukipenda. Kwenye kadi ya boksi acha Pastel Mojave.

NyokaPoa256

Na kama mayai mawili yataoza, 66 inabadilika?

MzeeWaJinja

Haibadiliki. Kila yai lilichezewa kete zake peke yake. Hata wasipotoka Clown kabisa katika manne yaliyobaki, wale wa kawaida wanabaki 66%, mradi wazazi wote wawili ni heti waliothibitishwa. Kama mmoja wao mwenyewe ni wa 66%, hapo ndipo namba inashuka, na kadi iseme hivyo.